Maharage Ambayo Koko Hakuyaonja

Nilipokuwa mtoto, mlimani kwetu juu ya Ziwa Kivu, hakuna aliyekula chakula cha jirani kabla jirani mwenyewe hajakionja mbele ya macho yake. Ukikaribishwa bia ya ndizi, mwenyeji alivuta funda la kwanza. Ukipewa sahani, mpishi alichota kijiko, akatafuna, akameza, ndipo wewe ukanyoosha mkono. Haikuwa adabu tu. Ilikuwa hofu ya karuho. Hivyo ndivyo tulivyoiita sumu ya polepole, ambayo watu husema hufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa chakulani; ikishaingia, tumbo huvimba na kunguruma, kisha mtu hupukutika siku kwa siku mpaka anabaki macho na mifupa. Sijawahi kuiona, na nimefanya kazi katika kituo cha afya karibu miaka kumi na mitano. Lakini hata leo nikialikwa mahali, jicho langu humtafuta mwenye nyumba kwanza, nione kama ametafuna.

Mimi na Maman, mama yangu, tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, baada ya vita vya Congo kutuondoa huko. Nasema tumerudi, ingawa mimi nilizaliwa kule, na Rwanda nilikuwa nikiiona tu kama milima ya upande wa pili wa maji. Tulipata nyumba ya chumba kimoja, mlango ukitazama kisiwa cha Nkombo. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaingia mpaka ndani, ukakaa nasi kama mgeni asiye na haraka. Katika kumbukumbu zangu mwaka ule wote umejaa ukungu. Watu wanatokea vipande vipande, kwanza kichwa, halafu mabega, halafu sauti. Labda kulikuwa na siku za jua. Sizikumbuki vizuri.

Watu wa mlima ule walikuwa wametoka kila upande. Wengine Congo kama sisi, wengine walipitia mpaka wa Ruhwa kutoka Burundi, na wengine hawakuwahi kuondoka, na hao walikuwa wameona waliyoyaona. Hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi miaka ile ya mauaji na vita. Tulisalimiana vizuri, tulikwenda misa pamoja, kisha kila mtu akatazama kijiko cha mwenzake.

Maman aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alitoka alfajiri kuwahi mitumbwi iliyorudi kuvua, akapanda na beseni lake mpaka sokoni Kamembe, na jua lilipoanza kulala ndipo nilipoisikia harufu yake ya samaki njiani kabla ya kumwona. Kwa hiyo baada ya shule nilikaa kwa jirani yetu wa kwanza, Koko Verediana. Koko ni bibi. Sisi wa Bukavu tuliwaita hivyo wanawake wote wazee. Alikuwa mrefu, amenyooka, msafi kupita kiasi. Aliishi peke yake. Hata alipofagia uwanja wake alitembea kama mtu aliye kanisani, polepole, akiusikiliza mwili wake mwenyewe. Nilidhani wazee wote hutembea hivyo.

Na Koko alijua kupika maharage. Sijaonja mengine kama yale tangu hapo, na nimekula kwenye harusi za watu wenye magari. Aliyaloweka jioni. Asubuhi aliyamwaga maji yale kwenye migomba, akisema, "Hii maji njo inaletaka kelele mu tumbo." Aliyachemsha, akayamwaga tena maji ya kwanza, akaanza upya na maji mapya, kipande cha tangawizi, na majani mawili ya mchaichai aliyoyafunga fundo. Kisha moto mdogo, saa nyingi. Hakuyaepua mpaka punje ipondeke yenyewe kati ya vidole viwili. Nilipohitimu na kuanza kufundisha akina mama namna ya kupunguza gesi tumboni, nilikuta kwamba karibu yote yaliyoandikwa kwenye daftari langu la shule Koko aliyafanya bila daftari.

Lakini yeye mwenyewe hakuyala. Alinipakulia sahani, akakaa upande wa pili na bonge dogo la bugari, ugali wetu wa Bukavu, mboga ya lengalenga kidogo, sambaza wanne au watano. Na hakuonja. Hata kijiko kimoja. Maman alikuwa amenionya mara mia: mtu asipoonja, usile. Mimi nilikula. Nilikuwa na miaka tisa na njaa ya miaka tisa, na Maman hakuwepo.

Tena nilikula vibaya. Njiani wakati wa vita nilikuwa nimejifunza kumeza bila kutafuna, kwa sababu hujui ni saa ngapi utaambiwa simama, tuondoke. Vita vilikuwa vimebaki ng'ambo ya maji, lakini koo langu halikupata habari.

"Furaha, unakulaka kama muntu mwenye banafukuza," Koko aliniambia. "Upepo iko naingia na chakula. Siku moja itatafuta njia ya kutoka."

"Ndiyo, Koko," nilijibu, mdomo umejaa.

Siku moja ya jua hafifu, tukiwa tumekaa mbele ya nyumba, yeye akichagua mawe kwenye ungo, nilimuuliza sababu.

"Koko, juu ya nini wewe hauonjake?"

Alitazama njia yote, juu na chini. Mkono wake uliendelea kuzungusha maharage kwenye ungo, shaa, shaa, na nakumbuka mlio ule kuliko maneno yenyewe. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa msichana mzuri huko Nkombo, aliolewa na mwanamume mzuri, na siku ya kuonyeshwa kwa wakwe walimpa maharage yaliyopikwa kwa haraka ya sherehe. Bibi-harusi hakatai chakula cha mkwe. Alikula. Kisha ikafika saa ya kupiga magoti mbele ya baba mkwe na kumpa kibuyu cha bia, watu wote wakiwa wamezunguka kimya. Katika kimya kile tumbo lake likasema.

"Likasema nini?" niliuliza, mpumbavu mimi.

"Likasema tu," alijibu.

Hakuna aliyecheka siku ile. Walisubiri kesho yake. Watoto wa ukoo walimtungia jina, na jina lile likamfuata kisimani, sokoni, mpaka kwenye mazishi ya mumewe. "Miaka makumi mbili, batu bananiita ile jina," alisema. Mume alipokufa alipanda mtumbwi, akavuka hadi nchi kavu, akatafuta mlima ambako hakuna aliyemjua. "Huku niko Verediana tu. Unasikia? Usiambie muntu. Hata Maman yako."

Nilitaka kucheka. Mtoto gani asingetaka? Lakini niliuona uso wake, na kicheko kikarudi kilikotoka. Nikaapa.

Kisha zikaja mvua zile ndefu. Kuni zililowa, nyumba zote za mlima zilitoa moshi mweupe usio na moto ndani yake. Siku hiyo shuleni walitugawia maziwa ya unga, nikanywa vikombe viwili, na cha rafiki yangu aliyekataa. Nilifika kwa Koko natetemeka, nguo zimeganda mwilini. Chungu kilikuwa jikoni lakini kilichemka kwa kusitasita. Koko alibonyeza punje moja, akatikisa kichwa.

"Bado."

"Yameiva, Koko."

"Furaha, bado."

Nikalia. Sina cha kujitetea. Nililia kwa makusudi, kwa sauti, kama mtoto mdogo, nikijua hawezi kunivumilia. Akanipakulia. Niliyameza yakiwa magumu bado, yakiwa moto, na upepo wa mvua nikaumeza pamoja nayo.

Maman aliponikuta nimejikunja sakafuni, tumbo langu lilikuwa limekaza kama ngoma. Ukiligonga lililia. Alinigusa, akauondoa mkono haraka.

"Ulikula wapi?"

"Kwa Koko."

"Alionja?"

Mvua iligonga bati. Ningeweza kusema ndiyo. Nimelifikiria neno hilo dogo mara nyingi, jinsi lilivyokuwa pale mdomoni. Lakini tumbo liliuma, na mbele ya Maman sikuwahi kuwa mwongo hodari.

"Hapana," nikasema. "Haonjake."

Maman alipiga ukunga ambao bado nausikia. Jirani wa chini, Maman Zawadi, mwanamke aliyeweza kumwita mtu wa kisiwani bila kupanda mtumbwi, akaja akikimbia na kanga kichwani. Aliliangalia tumbo mara moja tu. "Karuho hiyo!" akasema. "Nilisemaka! Ule mukecuru Verediana haonjake, haonjake kabisa!" Na kila mtu alijua dawa ya kwanza ya sumu ni maziwa. Basi kila nyumba ikaleta kikombe. Masikini majirani wale, wengine waliwanyima watoto wao maziwa ili waniokoe, na kila kikombe kilichoingia kilivimbisha ngoma zaidi, na ngoma ilivyovimba ndivyo walivyozidi kuamini, wakaleta kikombe kingine. Leo nikimwambia mama mwenye mtoto wa gesi aache maziwa kwanza, naliona beseni letu la vikombe vya majirani. Walinipenda vibaya sana usiku ule.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Maman alinibeba mpaka uwanjani kwa Papa Gaspard, kiongozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Watu walikuwa wameshafika. Nilimwona Koko akitokea katika weupe ule, kitambaa chake kimefungwa sawasawa, akisindikizwa na vijana wawili, na nyuma yao mtu mwingine amebeba chungu chake cha maharage. Mtu alikuwa akieleza kwa sauti ndogo habari za mwanamke wa mlima wa pili aliyeshukiwa hivyo hivyo, jinsi walivyolitoa bati la nyumba yake huku yeye akiwa ndani.

Papa Gaspard alikiweka chungu katikati. Akachota kijiko kimoja, akamnyooshea kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Maman Verediana, kula. Kijiko moja tu, tumalize hii mambo. Kama haukule, utatoka kwa mulima leo, mbele ya saa sita. Mi sitaweza kubazuia hawa batu."

Sote tulitazama kijiko. Mimi pekee nilijua, na kwa kuwa nilijua, nilidhani atakula. Kijiko kimoja! Leo ningemwambia kwamba kijiko kimoja hakifanyi kitu, kwamba tumbo la mtu mzima lina nafasi ya kutosha kwa punje ishirini. Lakini watu walikuwa wamesimama duara, kimya, wakimsubiri, kama siku ile kwa wakwe. Sisi tuliamini karuho, naye aliamini maharage, na imani yake ilikuwa ngumu kuliko yetu sote.

"Siwezi," alisema.

"Juu ya nini?"

Maman Zawadi alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeshinda. Koko aliinama, akakaza fundo la kitenge chake kiunoni, akageuka kuelekea nyumbani kwake kufunga mzigo. Hakulia, hakuapa, hakujitetea. Kijana mmoja aliokota jiwe, hakulirusha, alilishika tu. Nilijua angekwenda wapi: ziwani, kwenye mtumbwi, kurudi kisiwani kwenye lile jina. Au kuvuka mpaka kuingia vitani. Na nilijua ni maharage yangu, machozi yangu ya makusudi, hapana yangu.

"Haonjake juu inamutoaka upepo!" nilipiga kelele kutoka mapajani mwa Maman. "Maharagi inamutoaka upepo! Alitoaka mbele ya baba mukwe yake, bakamupa jina! Anaona haya tu! Haiko karuho!"

Ukungu wenyewe ulisimama. Kisha mtu mmoja nyuma akakohoa, na kile kikohozi hakikuwa kikohozi, na mlima mzima ukacheka. Walicheka watu ambao sikuwahi kuwaona wakitabasamu. Maman Zawadi alikaa chini kwenye matope, amejishika mbavu. Aliyeshika jiwe alilidondosha ili ajishike magoti. Nadhani walikuwa hawajacheka pamoja tangu wafike pale, na kilipofunguka kilitoka chote, kicheko cha miaka. Nilifurahi. Naungama, nilijiona shujaa.

Koko alikuwa amesimama palepale, mgongo kwetu. Hakugeuka.

Ndipo nikajiondoa mapajani mwa Maman nimkimbilie, na niliposimama wima, ule upepo wangu ulioonywa ukapata njia. Sitaeleza sana. Ulianza taratibu, ukapata nguvu, ukaendelea mpaka watu wakaacha kucheka ili wausikilize, na ulipoisha tumbo langu lilikuwa limelegea na maumivu yamekwenda. Nilijishika, nikashangaa. Papa Gaspard alifuta machozi kwa kofia yake.

"Karuho imetoka," alisema. "Muende kwenu."

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala mpaka leo. Kwa sababu kama ningenyamaza muda wa kusali Salamu Maria moja, mbili, tumbo langu lingejieleza lenyewe. Wangeona limeshuka. Wangenicheka mimi, mtoto, na kesho yake wangesahau, na siri ya Koko ingebaki kwenye ungo wake. Au pengine wasingesubiri. Pengine jiwe lingerushwa kabla. Nimelipima hivi na vile, na sina jibu, na yeyote atakayeniambia ana jibu hakuwepo.

Koko hakufukuzwa. Alibaki mlimani kwetu mpaka alipokufa, nikiwa nimeshaingia shule ya sekondari. Lakini wiki ileile watoto walianza kutoa mlio fulani kwa midomo alipopita, na lile jina la kisiwani, sijui nani alikwenda kuliuliza, likavuka maji likamkuta. Hakuna aliyemwogopa tena. Kwa kweli walimpenda, kwa namna ya kumpenda mtu wa kuchekesha. Walimletea ndizi, walimlimia shamba, walimwita harusini.

Mimi aliendelea kunipa chakula. Siku ya kwanza niliyorudi, alipakua sahani, akachota kijiko cha maharage, akatafuna polepole akinitazama, akameza. Akafanya hivyo kila siku tangu hapo. Na nikimaliza tu kula aliniambia niende nyumbani, hata Maman akiwa hajarudi, ili abaki peke yake na tumbo lake.

Nilimwomba msamaha mara moja. Nilikuwa nimekua kidogo, na nilikuwa nimeanza kutafuna. Alikuwa anamwaga maji ya maharage kwenye migomba.

"Koko, balikuwa banakufukuza," nilisema. "Sikujua nitafanya nini."

"Ninajua, mutoto wangu."

"Balikuwa na mawe."

"Niliyaona." Akatikisa sufuria tone la mwisho litoke. "Lakini mi nilikuwa nimeshakubali kuenda, Furaha. Uliniona. Nilikuwa nimeshafunga kitenge."

Sikumwelewa. Ilinichukua miaka. Wanakuja kwangu kituoni wanawake wazima wanaolalamika kifua, mgongo, moyo, wakitazama pembeni, na mimi najua ni kabichi, ni maharage ya haraka, ni maziwa yasiyopatana nao, ni kula mbiombio, na nawaacha waseme ni kifua kwa muda wanaotaka. Koko alikuwa na vitu viwili, uhai wake mlimani na jina lake safi, na aliambiwa achague kimoja. Alichagua. Mtoto wa miaka tisa akamchagulia kingine, kwa sauti, mbele ya watu.

Ningesema tena? Ndiyo, ningesema, mzee hapigwi mawe mimi nikitazama. Lakini ningeshuka kwanza mapajani mwa Maman, nimfuate, nimvute kitenge ainame, nimuulize sikioni kama ananiruhusu. Alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka kwangu.